Debe, Kibarua na Mapenzi ya Mungu

Oktoba ikielekea ukingoni, Songea huingia katika majira ya hesabu. Mvua za Ruvuma ni za msimu mmoja: huanza kati ya Novemba na Desemba, hukatika Aprili au Mei, na aliyekosea mwanzo hana vuli ya kumsahihisha. Ndiyo maana hata Majengo, kata ya mjini yenye maduka, vyumba vya kupanga na vijiwe vya bodaboda, mazungumzo ya jioni huwa ya mashamba. Mbolea ya kupandia itafika lini? Tupande mahindi tena au tujaribu soya? Fedha ya pembejeo itoke wapi, na Januari inakuja na ada na sare za shule? Fundi cherehani ana ekari zake, mwalimu ana zake, na dereva wa bodaboda analimisha kwa vibarua huku yeye yuko barabarani.

Wengi wa watu hao ni Wakristo, basi hesabu hizo huingia nao kanisani. Wapo wanaofunga. Wapo wanaotoa nia ya misa, na wapo wanaopeleka mbegu zikaombewe kabla ya kuingia ardhini. Chini ya yote hayo kuna swali moja: Mungu anataka nifanye nini mwaka huu?

Swali hilo ni jema, na mtu anayeliuliza kwa dhati anastahili heshima. Wasiwasi wangu uko mahali tunapolielekeza. Tunamuuliza Mungu kwa machozi juu ya mambo ambayo hakutupa neno lolote kuyahusu, kama vile soya au mahindi, fremu ya duka hii au ile. Yale aliyoyatamka waziwazi, tena yanayogusa shamba hilohilo na duka hilohilo, tunayapita kimya. Mpango huonekana umekabidhiwa kwa Bwana kwa sababu umeombewa, ilhali sehemu yake iliyokwisha kujibiwa haijaguswa.

Tuanze na andiko linalotajwa zaidi mipango inapozungumzwa, Waraka wa Yakobo, mwisho wa sura ya 4. Yakobo anawageukia wafanyabiashara wanaosema watakwenda mji fulani, watakaa huko mwaka mzima, watachuuza na kupata faida. Anawakumbusha kwamba hawaijui kesho, na kwamba maisha yao ni mvuke. Walipaswa kusema kwamba Bwana akipenda wataishi na kufanya hili au lile. Hapo ndipo wengi wetu hufunga kitabu. Tumejifunza kutanguliza jina la Mungu kabla ya kutaja mpango, basi twaona tumetii.

Ila Yakobo hakufunga hapo. Mstari unaofuata unasema kuwa anayejua kutenda mema asiyatende, kwake hiyo ni dhambi. Kisha inakuja sura ya 5, na hapa inafaa kukumbuka kwamba mgawanyo wa Biblia kwa sura uliwekwa karne ya 13. Yakobo aliandika barua moja mfululizo. Mistari michache tu baada ya wale wapangaji wa safari, anawaambia matajiri kwamba ujira wa vibarua waliovuna mashamba yao, ujira waliouzuia, unapiga kelele, na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Msomaji anayekwenda pole pole hatakosa kuuona uzi. Anayepanga bila Mungu na anayemnyima kibarua ujira wake wamesimama kwenye ukurasa mmoja. Kumpa Mungu nafasi katika mpango kunaanzia kwa mtu aliyeshika jembe ndani ya mpango huo.

Hapa Songea jambo hili halihitaji tafsiri ndefu. Kulima, palizi na kuvuna hufanywa kwa sehemu kubwa na vibarua, na mapatano huwa ya mdomo: ekari moja kwa bei fulani, nusu leo, nusu kazi ikiisha. Halafu kazi inaisha, na nusu ya pili inageuka kuwa subira. Subiri niuze mahindi. Subiri mwezi wa saba. Ni kweli kwamba mwenye shamba naye husubiri. Husubiri bei ipande, husubiri kituo cha ununuzi kifunguliwe, pengine husubiri malipo ya mzigo aliokwisha kuukabidhi. Lakini Torati imeliangalia hilo mapema. Katika Walawi 19 na Kumbukumbu la Torati 24, ujira wa kibarua hauruhusiwi kulala kwa mwajiri hadi asubuhi, na sababu inatajwa kwa upole mkubwa: mtu huyo ni maskini, na moyo wake uko kwenye ujira huo. Torati haikusema alipwe mazao yakiuzwa. Hatari ya soko imewekwa mabegani mwa mwenye shamba.

Ukilichukua agizo hilo kwa uzito, linabadilisha mpango wenyewe, tena kwenye tarakimu. Mtu mwenye fedha ya mbegu na mbolea ya ekari tano, asiye na fedha ya palizi, hana ekari tano. Ana tatu, au mbili. Fedha ya kibarua inatengwa kabla jembe halijaingia shambani, na ekari zinapunguzwa hadi hesabu ikubali. Ninaamini hii ni mojawapo ya njia nyoofu zaidi za kuoanisha mpango na mapenzi ya Mungu, na haihitaji ndoto wala ishara. Inahitaji daftari, na ujasiri wa kulima kidogo wakati jirani analima kikubwa.

Jambo la pili liko sokoni. Nabii Mika, katika sura ya 6, ana mstari ambao Wakristo wengi wanaujua kwa moyo, unaotaja anachotaka Bwana kwa mwanadamu: kutenda haki, kupenda rehema, kwenda kwa unyenyekevu na Mungu wake. Mistari michache mbele, katika sura hiyohiyo, Mungu anauliza kama anaweza kumhesabu kuwa safi mtu mwenye mizani ya udanganyifu na mfuko wa mawe ya kupimia yaliyo ya hila. Mika anaeleza haki ni nini kwa kutaja vipimo.

Nasi tunayo yetu. Mnunuzi wa mahindi anapokwenda kijijini na debe lililopigwa kutoka ndani likatanuka, au anapomlazimisha mkulima kujaza lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu hadi likazidi kilo 100 zinazoruhusiwa, anafanya kosa ambalo Wakala wa Vipimo umelipigia kelele miaka nenda rudi. Kwa Mkristo kosa hilo ni zaidi ya sheria ya nchi. Kitabu cha Mithali kinaita mizani ya uongo chukizo kwa Bwana, neno zito kuliko ambavyo tungependa. Kuna mtu ambaye Jumapili huomba Mungu aibariki biashara yake ya nafaka, na Jumatatu hulitia gari lake mafuta kwa kilo alizomnyang'anya mkulima wa Namtumbo au Madaba. Sisemi kwamba hana imani. Huenda anayo, na huenda anatoa zaka kamili. Lakini ombi lake la kujua mapenzi ya Mungu juu ya biashara limekwisha kujibiwa kwa karne nyingi, na jibu limeandikwa kwenye debe lake.

Yanabaki yale mengine, yasiyo na neno la wazi. Kulima soya au mahindi si suala la amri ya Mungu. Kuhamia Makambako kwa ajili ya biashara si dhambi, na kubaki Majengo si utakatifu. Hapa ndipo Wakristo hutofautiana, na hapa ndipo mtu mwenye hofu hutafuta wa kumwondolea mzigo wa kuamua. Wapo watumishi wanaokubali kumwondolea, wakampa siku, rangi, chupa ya mafuta au kiasi cha sadaka ya kupanda. Mimi naona Maandiko yanampa mwamini heshima kubwa kuliko hiyo. Katika Warumi 12 Paulo anasema mapenzi ya Mungu hujulikana kwa kufanywa upya nia, ili mtu aweze kupambanua. Kupambanua ni kazi ya akili iliyolelewa na neno, na Mungu aliyetoa akili hatuondolei kazi hiyo.

Tena kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja aliyejifungia chumbani. Kwa hili Songea ina shule iliyo karibu kuliko tunavyokumbuka. Kilomita zipatazo 24 magharibi mwa mji ipo Peramiho, ambako Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien walianza misheni mwaka 1898. Watu wa Ruvuma wanaijua Peramiho kwa hospitali yake, kiwanda chake cha uchapaji na mafundi wake wa seremala, uashi na makanika. Kanuni inayoendesha nyumba hiyo ya watawa iliandikwa Italia katika karne ya 6 na Mtakatifu Benedikto, na imejaa mambo ya kazi. Inataka msimamizi wa stoo avitazame vyombo vyote vya nyumba, majembe na ndoo vikiwamo, kama vyombo vitakatifu vya altare. Inataka fundi anayejivuna kwa ufundi wake aondolewe kwenye kazi hiyo hadi anyenyekee. Na bidhaa za monasteri zikiuzwa, bei iwe chini kidogo ya bei ya watu wengine, ulafi usije ukapenya, na Mungu atukuzwe katika yote. Mtu wa soko atashangaa kuona kwamba mtakatifu huyo aliujadili utukufu wa Mungu alipokuwa akizungumzia bei.

Sura ya 3 ya Kanuni hiyo ndiyo inayohusu mipango. Kukiwa na jambo kubwa la kuamua, abati awaite ndugu wote, aeleze jambo, asikilize ushauri wa kila mmoja, kisha apime mwenyewe na kuamua. Benedikto anatoa sababu: mara nyingi Bwana humfunulia aliye mdogo lililo bora. Hii ni nidhamu ngumu kwa jamii kama yetu, ambako mdogo hunyamaza mkubwa akinena. Baba wa nyumba huko Majengo anayepanga msimu bila kumuuliza mkewe, ambaye ndiye atakayekuwa shambani, na bila kumsikiliza kijana wake aliyemaliza kidato cha nne na anayefuatilia bei kwenye simu, amejifungia milango ambayo Mungu hupenda kuipitia.

Waumini wa kawaida nao wanacho chombo chao. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki waliweka mkazo kwenye jumuiya ndogondogo za Kikristo tangu miaka ya 1970, na leo kaya chache za mtaa mmoja hukutana nyumbani kwa mmojawao, zikasoma Injili na kujuliana hali. Walutheri, Waanglikana na Wapentekoste wanayo makundi yao ya namna hiyo. Natamani makundi hayo yaguse madaftari. Tunashirikishana misiba na harusi, lakini mtu anaweza kuchukua mkopo wa kausha damu, ule wa marejesho ya kila wiki unaommaliza mama wa genge, bila ndugu yeyote wa jumuiya kujua hadi wakopeshaji wanapokuja kumbebea kitanda. Laiti angeutaja mkopo ule kabla ya kuuchukua, pengine mmoja angemwambia kwa upole: dada yangu, hesabu hii haitoki.

Ushauri unahitajika pia kwa sababu ishara hudanganya. Tunapenda kusema mlango umefunguka, kwa hiyo Mungu ametaka. Yona alipomkimbia Bwana alishuka Yafa akakuta merikebu iendayo Tarshishi. Nafasi ilikuwapo, nauli alikuwa nayo, na safari nzima ilikuwa uasi. Wepesi wa jambo si ushahidi wa jambo.

Bidii nayo si ushahidi, na ardhi yetu inalijua hilo kwa uchungu. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, wamisionari wa Peramiho walichoma kibanda cha mahoka cha Nkosi Mputa Gama, mtawala wa Wangoni, mahali alipowaheshimia wahenga wake. Bila shaka waliamini wanafanya kazi ya Mungu. Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani vilikuwa na sababu nyingi, kodi na kazi za shuruti zikiwamo, lakini tendo hilo lilikuwa miongoni mwa majeraha ya Wangoni. Mwaka 1905 misheni nayo ilichomwa, na Askofu Cassian Spiss, aliyeianzisha, aliuawa Agosti mwaka huo njiani akitoka pwani. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Kingoni hapa Songea, na kila mwaka siku hiyo mji huwakumbuka. Watu wa sala, wenye nadhiri, walikosea kuyatofautisha mapenzi ya Mungu na ghadhabu yao wenyewe. Yakiwapata wao yatatupata na sisi, tena kwenye mambo madogo zaidi: kumfukuza mpangaji, kumsusa ndugu, kumwachisha kazi binti wa nyumbani, yote kwa jina la kuongozwa na Roho. Ningependa kila tunaposema Mungu ameniambia, tujiulize ni nani anaumia kwa neno hilo, na je, tumemsikiliza?

Mfano ulio kinyume nao upo mkoani humuhumu. Masista Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes wa Chipole, shirika la Kiafrika lililoanzishwa mwaka 1938, walijenga kituo cha umeme wa maji huko Tulila katika Mto Ruvuma. Kilianza kuzalisha mwaka 2015, megawati 5, na umeme wake waliuuza kwa TANESCO wakati ambapo Songea ilikuwa haijaunganishwa na Gridi ya Taifa na ilitegemea jenereta za dizeli. Kazi ya namna hiyo haifanywi kwa sala pekee. Maji hupimwa, michoro huchorwa, mkataba husomwa kifungu kwa kifungu, deni huhesabiwa. Yesu mwenyewe, katika Luka 14, alimtaja mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye hukaa kwanza na kupiga hesabu kama ana vya kumalizia. Sioni kwamba masista hao waliacha wito wao waliposhughulika na mitambo. Mji uliokuwa ukitegemea dizeli ulipata taa kwa mikono ya watu wanaokatisha kazi kwa saa maalumu wakaenda kusali, na kurudi kazini sala ikiisha.

Saa hizo maalumu zinanirudisha kijiweni. Madereva wengi wa bodaboda si wenye pikipiki. Wengine hupeleka hesabu kila siku kwa bosi, wengine wako kwenye mkataba, ambapo hulipa kidogo kidogo hadi chombo kiwe chao. Hesabu ya siku saba ikidaiwa, Jumapili inakuwa siku ya kukimbizana kama Ijumaa. Kisha tunamlaumu kijana kwamba haonekani kanisani. Tusome amri ya Sabato kwa utaratibu, katika Kutoka 20 au Kumbukumbu la Torati 5. Inamwambia mtu asifanye kazi yeye, wala mwanawe, wala mtumwa wake, wala mnyama wake, wala mgeni aliye ndani ya malango yake. Inasema na yule aliyeshika muda wa wengine. Mwenye pikipiki tatu anayekaa benchi la mbele ndiye anayeulizwa kwanza. Akipanga hesabu kwa siku sita, kipato chake kitapungua na mkataba utarefuka kidogo. Hilo ni gharama halisi, na silifichi. Ila kijana atakuwa amepewa Jumapili yake, naye bosi atakuwa na sababu ya kuimba zaburi kwa moyo mweupe.

Na mpango uliofanywa kwa haki, kwa ushauri na kwa sala, ukivunjika? Hili huwatesa wacha Mungu kuliko wengine, maana huanza kujichunguza walikosea wapi. Paulo, mshona mahema, alipanga kupitia Rumi akielekea Hispania, akaliandika hilo waziwazi katika Warumi 15. Rumi alifika, akiwa mfungwa. Nyumbani, miaka ya 1960, wakulima wa Litowa na vijiji jirani, chini ya watu kama Ntimbanjayo Millinga, walijenga Jumuiya ya Maendeleo ya Ruvuma. Hakikuwa chombo cha kanisa. Walilima pamoja, wakaamua mambo yao kwenye mikutano, wakaendesha shule yao, na Mwalimu Nyerere aliona kwao sura ya ujamaa aliyoitamani. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliivunja. Sidhani kuvunjwa kwake kunatuambia kwamba kushirikiana kwao hakukuwa kwema mbele za Mungu. Matokeo yako mikononi mwa wengi: serikali, wadudu, mvua, bei ya dunia. Kazi njema inabaki kuwa njema hata ikipokonywa.

Kwa hiyo, viwavijeshi wakimaliza mahindi ya jirani yako wa Majengo aliyewalipa vibarua wake siku ileile, usiharakishe kumwambia kwamba haikuwa mapenzi ya Mungu. Hulijui hilo, na yeye hana nguvu ya kulisikia. Mapenzi ya Mungu unayoyajua kwa hakika wiki hiyo ni kwamba amebaki bila mbegu na una debe moja la ziada ghalani. Mpelekee mapema, maana mvua zikikaa sawa, wiki mbili za kwanza za Januari bado zinaruhusu kurudishia.